Wanaume tunaulizana nguvu za kiume tu, mi nimekuja na habari ya plastiki na mtoto wa kiume aliye tumboni (uzi mrefu)

Wakuu habari za muda huu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta kama mara tatu hivi kwa sababu unagusa nyumbani kwangu, ila juzi nimepita jukwaani nikakuta nyuzi nne zinafuatana zote za nguvu za kiume, huyu anauliza tende na maziwa, yule anauza unga wa mizizi, nikasema hapana, acha niandike, mwenye subira atasoma mpaka chini.

Mtoto wangu wa pili ni wa kiume, kazaliwa 2021 hapa Dar. Aliyegundua ni mama yangu, alikuja kumsaidia mama watoto uzazi, siku anamuogesha mtoto akiwa na kama wiki mbili akaniita chumbani, "baba hebu njoo uangalie, huyu mjukuu wangu korodani moja siioni". Nikaangalia, kweli upande mmoja kifuko kiko tupu. Kwa kweli nilitetemeka. Tukaenda hospitali, dokta akatuambia tusiwe na haraka, kwa watoto wengi inashuka yenyewe ndani ya miezi sita ya mwanzo. Tukasubiri miezi sita haikushuka, akafanyiwa operesheni akiwa na mwaka na mwezi mmoja, ikashushwa vizuri na sa hivi anakimbiza mpira kama wenzake, namshukuru Mungu.

Nilichoondoka nacho pale ni maswali ya dokta. Aliuliza mtoto alizaliwa njiti? Hapana, alitimiza muda na kilo tatu na kitu. Kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuwa hivi? Hamna. Mama alitumia dawa gani ujauzito? Za kliniki tu. Mwisho akauliza, mama anafanya kazi gani. Nikamwambia keshia, anakaa kaunta anatoa risiti kutwa nzima. Akaandika, hakusema kitu. Nilipomuuliza kwa nini umeuliza kazi, akanijibu kwa upole kwamba mara nyingi sababu haijulikani ila kuna utafiti mwingi unaendelea kuhusu kemikali zinazovuruga homoni, na hilo jambo bado halijafungwa. Ndo nikaanza kusoma, miaka sasa nasoma, na ninachoweka hapa ni kile nilichojiridhisha nacho.

Naomba hili lieleweke mapema kabla hamjanirukia: SISEMI plastiki ndio ilimfanya mwanangu vile. Kwa mtoto mmoja hakuna binadamu anayeweza kusema hivyo. Nasema kuna jambo ambalo sisi wanaume tunaliangalia upande usio wenyewe.

Tuanze na BPA maana ndo jina mtakalokutana nalo sana. Kirefu chake ni bisfenoli A. Wengi wanadhani ni kemikali ya plastiki ambayo kwa bahati mbaya ikaja kugundulika inafanana na homoni ya kike. Ni kinyume chake wakuu!! Iliundwa mara ya kwanza 1891 na mkemia wa Kirusi anaitwa Dianin, ikakaa tu haina kazi. Miaka ya 1930 kule London kuna mwanasayansi Charles Dodds alikuwa anatafuta estrojeni ya kutengeneza maabara, yaani dawa itakayofanya kazi kama homoni ya kike, akaijaribu hiyo BPA kwa panya majike walioondolewa ovari na ikafanya kazi, kidogo lakini ikafanya, akachapisha 1936. Haikuwa na nguvu ya kutosha kuwa dawa ndo maana akaiacha, miaka miwili mbele akapata kitu kikali zaidi kinaitwa DES. Kwa hiyo watu walijua ni estrojeni tangu 1936, halafu miaka ya 1950 viwanda vikagundua ukiiunganisha unapata plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, polikaboneti, na pia utando wa kupaka ndani ya makopo ya chakula ili bati lisile kutu. Ikaingia jikoni dunia nzima.

Hiyo DES nayo ina hadithi yake na naomba msiiruke. Wajawazito walikuwa wanapewa, Marekani hasa, eti izuie mimba kutoka. 1953 utafiti wa Chicago ukaonyesha haizuii chochote, wakaendelea kuitoa tu. 1971 madaktari wa Boston wakakuta mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wanameza DES wanapata saratani adimu ya uke wakiwa wasichana wadogo kabisa, ndo serikali ya kule ikawaambia madaktari mwaka huohuo wasiwape tena wajawazito. Na watoto wa kiume wa hao mama? Walikutwa zaidi ya wenzao na uvimbe wa maji kwenye mirija ya korodani, na korodani ambazo hazikushuka. Mama kameza dawa, yeye hakuumwa siku ile, aliyebeba ni mtoto na yamekuja kuonekana baadaye.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini dokta aliuliza kazi ya mke wangu na hakuuliza yangu.

NAENDELEA...

Mwili wa mtoto wa kiume haujengwi kiume wenyewe tu, unasubiri amri. Mimba ikifika kama wiki ya 8, korodani changa za mtoto zinaanza kumwaga testosteroni, homoni ya kiume, na kati ya hapo mpaka kama wiki ya 14 ndo mifereji, uume, kifuko, vyote vinapangwa. Amri ikija pungufu hapo hakuna marudio. Baadaye miezi ya mwisho ya mimba homoni zilezile zinashiriki kuzishusha korodani kutoka tumboni mpaka kwenye kifuko. Sasa fikiria wiki ya 8, mama wengi ndo kwanza wanapima wajue kama wameshika mimba, baba hata hajaambiwa.

Kundi linalogusa hapa zaidi ya BPA linaitwa thaleti. Hizi ni kemikali zinazolainisha plastiki ngumu ya PVC iwe laini: mipira ya maji, mapazia ya bafuni, vitambaa vya plastiki vya mezani, mifuko ya dripu hospitali, na nyingine zinatiwa kwenye manukato na losheni ili harufu ikae muda mrefu. Tatizo lake haziungani na plastiki, zimekaa tu katikati yake kama mafuta kwenye andazi, ukiligusa unabaki na mafuta vidoleni. Zinahama, na zinapenda kuhamia kwenye mafuta na kwenye kitu cha moto. BPA inajifanya estrojeni, hizi zenyewe zinabana kiwanda, zile seli za korodani zinazotengeneza testosteroni zinatengeneza kidogo. Kwa panya hili halina ubishi, ukimpa panya mwenye mimba thaleti za kutosha wanawe madume wanazaliwa na korodani zisizoshuka, tundu la mkojo mahali sipo, mbegu chache. Limerudiwa maabara nyingi.

Kwa binadamu huwezi kumlisha mjamzito sumu ukaangalia, kwa hiyo wanapima mkojo. 2005 Shanna Swan na wenzake Marekani walipima thaleti kwenye mkojo wa wajawazito, baadaye wakapima watoto wao wa kiume umbali kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Najua inasikika kitu cha ajabu, ila umbali huo kwa mwanaume ni kama mara mbili ya mwanamke na unapangwa na testosteroni ya tumboni, ni kama rula iliyoachwa pale. Mama waliokuwa na thaleti nyingi, watoto wao umbali ulikuwa mfupi zaidi. Hao walikuwa wajawazito wa kawaida, sio wafanyakazi wa kiwandani.

Na kuna Denmark na Finland, zote nchi za baridi za kaskazini mwa Ulaya, watu wanafanana maisha. Watafiti wakahesabu watoto wa kiume wanaozaliwa na korodani haijashuka, Denmark 9.0 kwa mia, Finland 2.4 kwa mia. Mtu wa Denmark anaitwa Skakkebæk alitoa hoja 2001 kwamba korodani kutoshuka, mbegu chache ukubwani na saratani ya korodani mara nyingi ni matawi ya mti mmoja na mzizi wake uko tumboni mwa mama. Haijathibitika kila kipande ila mimi tangu nimeisoma haijanitoka kichwani.

Sasa nije kwenye maswali maana nimeona yamekuwa mengi.

"Mkuu yote hayo sawa ila tuambie, plastiki inaleta upungufu wa nguvu za kiume au haileti?"

Nilijua litakuja. Jibu la kweli: kwa kiwango kikubwa sana kuna ushahidi, kwa kiwango chetu cha kila siku hakuna wa kutosha. 2009 walichapisha utafiti wa wanaume wanaofanya kazi viwanda vya China wanavuta vumbi la BPA kazini, wakalinganishwa na wafanyakazi wa viwanda visivyo na BPA. Waliokuwa kwenye BPA shida ya kusimamisha ilikuwa kama mara 4 zaidi, shida ya kumwaga kama mara 7 zaidi. Ila hao BPA yao ilikuwa takriban mara 50 ya mwanaume wa kawaida Marekani. Huwezi kuichukua ukasema chupa yako ya maji imekumaliza.

Kiongozi, kama una miaka 40 na jogoo hawiki vizuri, kwanza kapime sukari, kapime presha, angalia kitambi. Kusimama ni kazi ya mishipa ya damu na mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo kwa hiyo inatangulia kulalamika. Na kitambi chenyewe kinachukua testosteroni yako kinaigeuza estrojeni, hicho ni kiwanda unatembea nacho kuliko kopo lolote. Na hao wanaouza unga humu, naomba kwa heshima mjiepushe, dawa za "asili" za nguvu zimepimwa nchi nyingi zikakutwa zimechanganywa sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha, kimyakimya, mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya naitreti anaweza kudondoka. Na sindano za testosteroni za jimu ndo zinazima mbegu kabisa, ubongo ukiona homoni imejaa unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Ukitafuta mtoto usiziguse.

Kwenye wingi wa mbegu ndo kuna jambo. Mtafiti anaitwa Levine na huyohuyo Swan na wenzao walikusanya tafiti za mabara yote, wakakuta kutoka 1973 hadi 2018 wastani umeshuka kutoka milioni 101 kwa mililita mpaka milioni 49. Kiwango cha chini cha WHO ni milioni 16 kwa hiyo wastani bado uko juu, lakini ukishusha wastani wale waliokuwa karibu na mstari wanaanguka chini yake. Kuna wanasayansi wanabisha, wanasema vipimo vya zamani na vya sasa havikuhesabiwa sawa, na wenye kubisha sio wajinga. Na hata kama imeshuka kweli, kuna unene, sigara, kukaa sana kwenye kiti, joto. Plastiki ni mshukiwa mmoja kati ya kadhaa.

"Kuna habari ilizagaa wamekuta plastiki ndani ya korodani, ni kweli?"

Ni kweli. Mei 2024, chuo kikuu cha New Mexico, walipima korodani 23 za wanaume waliofariki na 47 za mbwa. Zote, sio baadhi, ZOTE zilikuwa na maikroplastiki, yaani vipande vidogo sana vya plastiki, za binadamu zilikuwa karibu mara tatu ya za mbwa. Iliyoongoza ni polithini, hii ya mifuko. Kwa mbwa waliweza kuhesabu mbegu, na waliokuwa na PVC nyingi walikuwa na mbegu kidogo. Kuna wanaosema kile kipimo kinaweza kuchanganya mafuta ya mwili na polithini kwa hiyo kiasi halisi kinaweza kuwa kidogo kuliko kilichoandikwa, na hoja hiyo naiheshimu. Ila mwaka huohuo Italia walikata utando wa mafuta kutoka mishipa ya shingo ya wagonjwa 257, waliokutwa na plastiki kwenye ule utando walikuwa na hatari kama mara 4.5 ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa ndani ya miaka karibu mitatu. Haithibitishi kwamba plastiki ndo iliwaua. Ila ningekuwa mimi ndo mgonjwa ningetaka kuambiwa.

NAENDELEA, hapa sasa ndo jikoni kwetu, someni taratibu.

Nataka mshike maneno mawili, MOTO na MAFUTA. Plastiki baridi yenye kitu kikavu haina shida kubwa. Polikaboneti ukiimwagia maji yaliyochemka inaachia BPA hadi mara 55 haraka kuliko ikiwa na maji ya kawaida, hii ilipimwa Marekani 2008. Sasa angalia sisi tunavyoishi. Uji wa moto wa asubuhi unamiminwa kwenye kikombe laini cha plastiki mpaka kinajikunja. Supu ya kwenda nayo inafungwa kwenye kifungashio cha nailoni inaning'inia inatoa mvuke. Chipsi zimetoka kwenye mafuta ya moto zinatumbukizwa kwenye plastiki na kachumbari juu, ndimu juu. Wali wa mama ntilie, na hili wengi mnalijua, sufuria linafunikwa na nailoni chini ya mfuniko ili wali uive vizuri kwa mvuke, ile nailoni inalegea inalala juu ya wali kabisa. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 tulikuwa tunaongelea mitaro na ng'ombe wanaokula mifuko, sahihi kabisa, lakini chakula cha moto kikahamia tu kwenye nailoni nyingine.

Niwe mkweli, nailoni ya kawaida ya polithini yenyewe haihitaji BPA wala thaleti. Ila ina dawa nyingine za kiwandani, ina wino, na kama imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa hakuna anayejua mle kuna nini, haikutengenezwa ipikiwe. Vivyo hivyo chupa za maji za dukani, zile nyepesi zenye namba 1 chini, hazina BPA, watu wanaogopa bure. Lakini usiache katoni kwenye gari juani wiki nzima ukaja kunywa, joto linatoa madini ya antimoni kwenye ile plastiki, maji yakae kivulini. Yale madumu makubwa ya kugeuza kwenye mashine ya maji ndo uangalie, mengine ni polikaboneti, namba 7, mengine sio. Simtanki ya polithini juu ya nyumba, mi sina wasiwasi nayo kwa upande wa homoni, ioshe tu.

Makopo jamani. Maharage ya kopo, samaki wa kopo. Harvard 2011 walichukua watu 75 wakala supu ya kopo bakuli moja kwa siku, siku tano, BPA kwenye mkojo ikapanda zaidi ya mara kumi ukilinganisha na walipokula supu isiyo ya kopo. Sisi bahati nzuri bado tunanunua maharage ya kilo na dagaa wa fungu, na naona watu tukipata hela kidogo tu tunakimbilia kopo tukidhani ndo maendeleo.

Na risiti. Hizi karatasi laini za mashine ambazo ukizikwangua na kucha zinatoa alama nyeusi, hazina wino, zina unga wa kemikali juu yake, na kwa miaka mingi ile kemikali ilikuwa BPA. Haijafungwa kwenye karatasi, iko wazi kama vumbi. Ulaya waliibana kwenye risiti kuanzia Januari 2020, viwanda vingi vikahamia BPS, ambayo ni ndugu yake na vipimo vinaonyesha nayo inavuruga homoni. Sasa kuna utafiti wa chuo kikuu cha Missouri wa 2014, waliwapaka watu sanitaiza, wakashika risiti, halafu wakala chipsi kwa mkono. BPA ikapanda kwenye damu na mkojo. Sanitaiza inafungua ngozi, mafuta ya chipsi yanamalizia.

Niliposoma hiyo nilikuwa kitandani usiku. Mke wangu alibeba ile mimba 2020 kuelekea 2021, corona, anapaka sanitaiza kila mteja na kila mteja anapewa risiti, masaa nane kwa siku, na chakula cha mchana cha kaunta ni chipsi. Sikumwamsha. Nilimwambia baada ya wiki na akalia, na nikajuta kumwambia vile nilivyomwambia, kwa sababu yeye ndo alikuwa anatuingizia hela nyumbani kipindi kile mimi kazi zimesimama. Wakuu mkija kuongea na wake zenu haya mambo ongeeni vizuri, mama hana kosa hapa. Hakuna aliyemwambia.

Kitu kingine ambacho ni chetu sisi: kuwasha jiko la mkaa kwa mfuko au kipande cha ndala, na kuchoma taka uani jioni. Plastiki yenye klorini kama PVC ikiungua kwa moto mdogo inatoa sumu inaitwa dioksini. Mnaijua Seveso? Mji wa Italia, tarehe 10 Julai 1976 kiwanda cha kemikali kiliachia wingu lenye dioksini juu ya makazi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye wakapima mbegu za wanaume waliokuwepo. Waliokuwa watoto wa mwaka 1 hadi 9 siku ile, mbegu zao ukubwani zilikuwa chache na dhaifu. Waliokuwa tayari watu wazima, hawakuonyesha tofauti hiyo. Yaani baba na mwana wamevuta hewa ileile, baba kapona, mwana kabaki nayo. Sio kiasi kile cha kwenye jiko letu, najua, ila anayechutama karibu na moshi kuangalia moto unavyowaka ni mtoto, na mwenye kupuliza jiko ni mama yake.

"Mbona mamlaka za dunia hazipigi marufuku kama ni hatari hivyo?"

Zinapiga ila hazikubaliani. Kanada walianza na chupa za watoto wachanga, Ulaya ikafuata 2011, Marekani 2012. Ufaransa 2015 wakaitoa kwenye vyombo vyote vya chakula. Aprili 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ikashusha kiwango kinachovumilika cha BPA mara 20,000 kwa mpigo, na Desemba 2024 wakapitisha marufuku kwenye vyombo vya chakula nchi zote za umoja wao, na muda wa mpito. Lakini taasisi ya Ujerumani inayopima hatari ilikataa ile hesabu, ikasema kiwango salama ni mara elfu moja ya hicho, na Marekani mamlaka yao bado inasema kiasi kilichopo kwenye chakula ni salama. Kwa hiyo mtu akikuambia wanasayansi wote wamekubaliana, kushoto au kulia, hajasoma. Mi nimechagua upande wa tahadhari kwa sababu gharama yake kwangu ni ndogo sana na nikikosea sipotezi kitu.

"Toa suluhisho sasa, tusitishane tu."

Habari njema ni kwamba BPA na thaleti hazikai mwilini, nyingi unazikojoa ndani ya siku moja. Tunabaki nazo kwa sababu kila siku tunaongeza. 2011 kule California familia tano, watu ishirini, walikula chakula kilichopikwa kwa vitu vibichi bila kopo wala plastiki siku tatu tu, BPA ikashuka 66 kwa mia na ile thaleti kubwa ya vyombo vya chakula ikashuka zaidi ya nusu. SIKU TATU.

Sisi nyumbani tulifanya hivi. Nilinunua bakuli za bati zenye mfuniko, zile za wanafunzi wa bweni, na kikombe cha bati, nikienda kwa mama ntilie natoa changu ananiwekea, mwanzo watu waliniangalia, sa hivi kuna madereva bodaboda watatu kijiweni nao wanabeba. Chai na uji kwenye bati au udongo au glasi. Maikrowevu, chakula kwenye sahani ya udongo sio ya plastiki. Mabakuli ya plastiki yaliyochubuka yakawa ya kuwekea misumari. Mke wangu sasa hivi yuko kitengo kingine kazini, ila alipokuwa kaunta tulinunua glovu, na kunawa kwa sabuni kabla ya kula badala ya sanitaiza. Mkaa tunawasha kwa vijiti na maganda ya nazi. Mama ntilie wetu nilikaa naye nikamweleza taratibu, nikampelekea kitambaa cheupe kizito cha pamba cha kufunika wali, akakipika siku mbili akaniambia wali unaiva vilevile tena haudondoki maji juu. Kama mahali ulipo kuna mgomba jani lake linafanya kazi hiyo tangu bibi zetu.

Na kama mnatafuta mtoto, mwanaume mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo ukibadilisha leo usiende kupima wiki ijayo ukasema haisaidii. Ila mwanamke anza mapema, kabla ya kushika mimba, kwa sababu ile wiki ya 8 haipigi hodi.

Wa mwisho, kuna ndugu kaandika kwamba mwanae ana miezi minane, korodani moja haionekani, na bibi yake kasema wamkande na maji ya moto itashuka.

Ndugu yangu, kwa heshima yote ya bibi, usimkande. Fanya hivi leo jioni: muogeshe maji ya uvuguvugu, mikono yako iwe na joto, mtoto akiwa ametulia shika taratibu kuanzia kwenye kinena ukishuka. Wakati mwingine ipo, ni msuli tu unaivuta juu mtoto akisikia baridi, kwenye maji ya uvuguvugu inashuka yenyewe, hiyo sio shida kubwa ila bado mwambie dokta. Kama hata kwenye maji haipo, miezi nane imeshapita ile sita ya kusubiri. Operesheni inashauriwa ifanyike kabla ya mwaka mmoja na nusu, kwa sababu korodani ikikaa tumboni joto linaiharibu na hatari ya saratani ukubwani inaongezeka. Wangu tuliingia asubuhi, kesho yake tukatoka naye. Nenda wiki hii, omba daktari wa upasuaji wa watoto, na beba kadi ya kliniki. Nitumie inboksi ukishapata tarehe nikwambie vitu vya kubeba.